Tairi za Theluji Zimetua Gilgil, Jamani!

Hebu inama hapa ubavuni mwa tairi usome nami. BRIDGESTONE: sawa, jina tumelizoea. BLIZZAK VRX2: hapo moyo unaanza kwenda mbio. Halafu, kwa herufi nene zisizo na haya, STUDLESS. Shuka kidogo ukute saizi: 165/70R14 81Q. Mwenzangu, hiyo ni saizi ya Vitz! Si Land Cruiser, si pikapu ya shamba kubwa. Ni Vitz, gari la kupeleka watoto shule asubuhi na kurudi jioni na gunia la waru kwenye buti. Na limesimama hapa mjini Gilgil, mlangoni kwa fundi wa tairi, juu ya mipira minne iliyoundwa kukimbia kwenye barafu ya Hokkaido. Nilikuwa napita kununua mkate. Mkate ulisubiri.

Gari ni la jirani yangu, mwalimu, na limeshuka Mombasa juzijuzi tu. Viti bado vina plastiki na redio inaongea Kijapani. Jinsi tairi hizi zilivyofika hapa ni jambo rahisi ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Japani kaskazini huwa na theluji miezi kadhaa kila mwaka, na kila mwenye gari huko ana seti mbili za tairi: za kiangazi na za baridi. Gari likipelekwa mnadani Januari, linakwenda na zile lililovaa. Kenya inapokea magari ya mtumba yasiyozidi umri wa miaka minane, mwagizaji anakagua injini, anakagua bodi, anakagua maili, kisha gari linapanda meli na tairi zake za theluji na hakuna anayesema neno. Nina hakika wako wasomaji wanaoendesha tairi hizi wakati huu na hawajui. Weka jarida chini, nenda kwenye gari lako, soma ubavu wa tairi. Nitakungoja.

Fundi alikuwa tayari ameshika jeki. "Mwalimu, hizi ni za barafu. Nizitoe nikuwekee za kawaida?"

"Zina ubaya gani?" mwalimu akauliza.

"Hazina ubaya. Kwa tope zinashika kama kupe. Lakini lami itazila."

Kwa maneno hayo machache fundi alikuwa ameshamaliza makala yangu yote, lakini mimi sikuwa tayari kumalizwa. Nikaomba. Nikabembeleza. Mwalimu, Mungu ambariki, akanirushia ufunguo na kusema tuzijaribu kwanza ndipo ziguswe na jeki.

Kabla hatujaondoka, acha nikuonyeshe uso wa tairi yenyewe, maana hapa ndipo nilipochizika. Tairi ya kawaida ina njia za maji nne hivi, pana, zinazozunguka mpira mzima, na kati yake mabapa ya mpira mgumu. Hii ina mabapa madogo madogo, kila bapa limepigwa chale, chale nyembamba kiasi kwamba kadi ya simu haiingii, nyingi, zimepinda kama wimbi. Bonyeza bapa kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira unazama! Ukiachia, unarudi polepole. Fanya hivyo kwenye tairi ya matatu iliyoegeshwa pembeni na utaumiza ukucha bure. Na ukitazama kwa makini sana, mpira wenyewe una vitundu, vidogo mno, uso mzima, mithili ya povu lililoganda.

Hivyo vitundu ndivyo uchawi wenyewe. Barafu haitelezi kwa sababu ni ngumu. Inateleza kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba wa maji, na tairi ikipita juu ya utando huo haigusi kitu. Mpira wa Blizzak hunyonya ule utando kwa vitundu vyake, kisha kingo za zile chale zinakwaruza barafu iliyobaki kavu. Bridgestone walianza kuuza Blizzak mwaka 1988, na wakati ulikuwa mwafaka: madereva wa Japani walizoea tairi zenye misumari ya chuma, misumari ikawa inakwangua lami kila baridi, miji ikajaa vumbi, watu wakakohoa, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzizuia. Ghafla nchi nzima ikahitaji tairi inayoshika barafu bila msumari. Wenzao Toyo wakaja na lao: wanachanganya unga wa maganda ya jozi ndani ya mpira ili uparure barafu. Maganda ya jozi! Ndani ya tairi! Niambie huo si utamu.

Ingawa kwa haki, heshima ya mwanzo iende Finland. Kiwanda cha mji wa Nokia, ndiyo, ule ule mji uliotupa simu, kilitoa tairi ya theluji ya malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye kikaja na Hakkapeliitta, jina linalouzwa mpaka leo.

Sasa turudi kwenye baridi, kwa sababu swali la kwanza mtu ataniuliza ni hili: Kenya na theluji wapi na wapi? Swali zuri, ila linakosa shabaha. Tairi ya baridi haikuundwa kwa theluji peke yake. Imeundwa kwa baridi. Mpira wa tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, unakuwa mgumu, na mshiko wake unapungua hata kwenye lami kavu. Mpira wa tairi ya baridi una mchanganyiko unaobaki laini hapo. Gilgil iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Panda kuelekea Ol Kalou na Kinangop, unazidi mita 2,400, na huko wakulima wa waru wanaijua jalidi inayounguza majani usiku mmoja. Asubuhi za Julai, saa kumi na mbili, upepo ukishuka kutoka Nyandarua, hakuna mtu wa Gilgil atakayekuambia tunaishi nchi ya joto. Na wenye kumbukumbu watakutajia Septemba 2008, pale Busara karibu na Nyahururu, mteremko mzima ulipogeuka mweupe kwa mawe ya mvua yaliyoganda na watu wakatoka majumbani kwenda kuyakanyaga. Siku ile, VRX2 isingekuwa mzaha.

Haya, tukapanda. Mvua ilikuwa imepiga usiku. Tukaacha mji, tukashika barabara ya Ol Kalou, kisha tukakata kuingia njia ya udongo ya mashambani, ile aina ambayo trekta limeshapita na kuchimba mitaro miwili na katikati limeacha mgongo wa majani. Udongo wetu wa Gilgil ni wa majivu ya volkano. Ukikauka ni vumbi linaloingia mpaka kwenye meno, ukilowa unakuwa laini na mtelezi. Vitz ya tairi za kawaida hapo hucheza matako, magurudumu ya mbele yanazunguka bure, na unaanza kutafuta vijana wa kusukuma.

Jamani, ilipanda!

Ilipanda bila kelele. Ukikanyaga mafuta polepole, unasikia mbele inakamata, inaachia kidogo, inakamata tena, na gari linakwenda. Usukani ulikuwa unanijibu. Kwenye kona ya kushoto iliyoinama vibaya, nilitarajia gari liteleze kuelekea mfereji, likakaa. Mwalimu kando yangu alikuwa ameshika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, na tulipofika juu akakiachia, akacheka kicheko cha mtu aliyegundua kwamba amenunua kitu kizuri zaidi ya alichodhani.

Nilishuka kutazama, na hapo ndipo shauku yangu ilipokutana na ukweli kidogo. Chale zilikuwa zimejaa tope. Zote. Zile chale nyembamba za ajabu, fahari ya maabara za Japani, zilikuwa zimezibwa na udongo wa Nyandarua na hazikuwa zinafanya kazi yoyote. Kilichotupandisha ni vitu viwili vya kawaida zaidi: ule mpira laini, na njia za kando ambazo ni pana na zenye kina kuliko za tairi ya kiangazi. Theluji na tope vinafanana kwa mtu anayeteleza, lakini kwa tairi ni vitu viwili tofauti kabisa. Theluji hushikana na theluji. Ndiyo maana tairi ya baridi inataka kuibeba theluji ndani ya meno yake. Theluji iliyobanwa mle inaikamata ile ya barabarani. Tope ni kinyume. Tope likibaki kwenye meno, tairi inakuwa duara laini la udongo, tairi kipara kwa muda. Tairi ya tope lazima iliteme kila mzunguko, na ili iliteme inahitaji mapengo makubwa na bega lililo wazi. Kwa hiyo kwenye tope jepesi la Gilgil, lenye majivu, VRX2 inatamba. Kwenye udongo mzito unaonata, ule wa tambarare za Ol Kalou mwezi wa Aprili, itatamba kwa mita mia kisha itaomba trekta kama wengine.

Bado naipenda. Acha niseme hivyo kabla sijaendelea.

Tulirudi mjini, tukaingia barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, tukashika upande wa Nakuru. Saa sita mchana, jua limeshafungua mbingu, lami inachemka, na kwenye mteremko wa Kikopey moshi wa nyama choma unavuka barabara. Hapa tairi za theluji zilikuwa katika nchi ya ugeni. Kitu cha kwanza unachosikia si kelele. Kwa kweli ziko kimya kuliko nilivyodhani. Ni kunesa. Unakata usukani kidogo, mpira unajikunja kwanza, ndipo gari linafuata. Yale mabapa madogo yenye chale, yaliyolainishwa na joto, yanainama kila moja kwa wakati wake. Kwa mwendo wa 80 ni jambo la kuzoea. Ukipita lori kwa 100, huku upepo wa trela ukikusukuma na bonde la Elmenteita likiwa chini yako kushoto kwako, ungependa kitu kigumu zaidi kati yako na lami.

Ile herufi Q baada ya 81 inasema tairi imethibitishwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwa sheria yetu ya 110 kwa magari madogo, hiyo inatosha na inabaki. Tatizo liko kwingine. Mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri, ukiupeleka kwenye lami ya Bonde la Ufa mchana, unakwisha mbio kama kifutio. Fundi alikuwa sahihi: lami itazila. Na kuna hatari ambayo wengi hawaitarajii kabisa: kwenye lami iliyolowa, bila barafu, tairi za aina hii huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi nzuri ya kawaida, na maji yakituama huelea mapema. Yaani mvua ya alasiri kwenye barabara kuu, pale ambapo ungedhani tairi ya baridi ndiyo mkombozi wako, ndipo inapokuwa dhaifu. Kama safari yako ya kila siku ni Gilgil–Nakuru na kurudi kwa lami, toa hizi tairi. Ziuze kwa mtu wa milimani, atakushukuru.

Kidogo nichepuke, maana siwezi kuzungumza tairi Gilgil bila kuitaja Safari Rally. Tangu ilipoanza tena kuhesabiwa kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha ikiwa makao yake, njia zake zimepita Elmenteita, Soysambu na Sleeping Warrior, yaani nyuma ya nyumba zetu. Mwaka 2022 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä wa Finland mbele, na mwaka 2023 ikarudia tena nne kwa nne, safari hii Sébastien Ogier akiwa kileleni. Gari lenyewe ni GR Yaris. Na Yaris ni nini? Ni Vitz! Japani iliuza Yaris kwa jina la Vitz mpaka mwaka 2020. Mwalimu nilipomwambia hivyo alikaa wima kwenye kiti. Madereva hao hao Februari wako Sweden juu ya theluji wakiendesha kwa tairi zenye misumari, kisha wanakuja kwetu kwenye vumbi lile lililosagika mpaka likawa unga, na kila asubuhi swali lao ni moja: laini au ngumu? Wanapangiwa idadi ya tairi, hawawezi kubeba zote, na mvua ikinyesha ghafla Elmenteita aliyechagua ngumu anajuta mpaka jioni. Kwa hiyo ukisimama kwa fundi ukikuna kichwa, jua kwamba hata wale mabingwa wanakikuna.

Tuseme basi huna bahati ya mwalimu, tairi zako zimeisha, mvua za Machi zinakuja na unataka kununua. Kitu gani hasa?

Anza kwa kusoma alama. M+S, yaani tope na theluji, ni neno la mtengenezaji mwenyewe. Anaweza kuliandika bila tairi kupita mtihani wowote. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hiyo ina mtihani nyuma yake. Ndiyo maana Ujerumani siku hizi inaitambua alama ya mlima tu kwa tairi za baridi, M+S peke yake haitoshi tena. Binamu zetu walio Quebec nao hawana hiari: sheria inawalazimu kuvaa tairi za baridi kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15. Kwetu hakuna anayekulazimisha. Lakini alama hizo zinakuambia mpira ni wa aina gani, na hilo ndilo unalolipia.

Kisha tafuta umri. Karibu na ukingo wa rimu kuna tarakimu nne ndani ya kiboksi cha mviringo. 4218 maana yake wiki ya 42 ya mwaka 2018. Kwa tairi ya kawaida, umri ni jambo la kuzingatia. Kwa tairi ya theluji ni kila kitu, kwa sababu ulaini ndio bidhaa yenyewe, na mpira hukakamaa kadiri miaka inavyopita. Tairi ya theluji ya miaka minane yenye meno mazima inaweza kuwa nzuri kwa macho na ngumu kwa ukucha. Tumia ukucha. Na ukiikagua, usichanganye alama mbili zilizo ndani ya njia za maji. Kuna ile ya chini kabisa, inayoonekana meno yakibaki milimita 1.6, hapo tairi imekufa. Juu yake, kwenye tairi za baridi za Japani, kuna nyingine inayojitokeza meno yakifika nusu. Mjapani akiiona hiyo ya pili anazivua, kwake hazifai tena kwa theluji. Nyingi zinazofika kwetu ziko hapo hapo au zimeikaribia, na kwa njia zetu za udongo bado zina maisha.

Jambo la uzito sasa, na hapa naomba utulie kwa sababu ndipo vijana wanapoharibu. Kuna mtindo mtamu sana Japani wa kuvisha magari madogo tairi za nje ya barabara. Toyo wana Open Country R/T ya 165/60R15, iliyolengwa kwa Suzuki Hustler, yenye mabega ya kutisha na maandishi meupe. Nimeziona picha, nimelala nikiziota. Piga hesabu: kimo cha 165/70R14 ni milimita 587 hivi, cha 165/60R15 ni 579. Tofauti ni milimita nane tu! Tafuta rimu za 15 na Vitz yako inageuka kibabe. Lakini soma namba ya mzigo: 77. Hiyo ni kilo 412 kwa tairi. Ile 81 ya Vitz ni kilo 462. Umepoteza kilo 50 kwa kila gurudumu, kilo 100 kwa ekseli ya nyuma, na ekseli ya nyuma ndiyo inayobeba watu watatu na gunia la waru kutoka Kinangop. Hustler ni gari jepesi na mzigo wake ni mwepesi. Wewe humjui Hustler, unamjua mama mkwe na kabichi zake. Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari. Nasema hivyo kwa uchungu, maana yale mabega, ah!

Kwa Vitz, March na wengine wanaovaa 165/70R14, ninachokipigia debe ni tairi ya misimu yote yenye alama ya mlima, namba ya mzigo 81 au zaidi. Michelin ndio waliolichangamsha soko hilo mwaka 2015 walipotoa CrossClimate, tairi ya kiangazi iliyofaulu mtihani wa theluji, meno yake yamepangwa kwa umbo la V, na baada yake kila kampuni ikafuata. Umbo hilo la V linasukuma maji na tope kwenda pembeni, mpira una ugumu wa kustahimili lami ya mchana, na ulaini wa kutosha kwa asubuhi ya Gilgil. Haitapanda mlima kama VRX2 ilivyopanda. Itapanda robo tatu yake, kisha itakupeleka Nakuru na kukurudisha ukiwa umetulia. Ni bei ya kuuma, sikufichi.

Na ukiwa mtu wa njia za udongo tu, unashuka mjini mara chache, mwendo wako haupiti 60, basi mtumba wa theluji kutoka Japani ni dili ambalo majirani zako hawajaligundua. Nunua nne. Nne, si mbili. Vitz inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo kila mtu anashawishika kuweka zinazoshika mbele na kuacha vipara nyuma. Siku utakapokanyaga breki kwenye kona yenye maji, mbele itakamata, nyuma itakupita, na utajikuta unatazama ulikotoka. Nne zinazofanana, au acha.

Ah, na presha! Kibandiko cha ndani ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, lakini namba ni namba. Ukiona 220 kPa, ni karibu 32 kwa kipimo cha kompresa ya mtaani. 230 ni 33. Tulipopima za mwalimu kabla ya kutoka, moja ilikuwa 24 na nyingine 41, na fundi aliziweka sawa zote. Nusu ya "tairi mbaya" ninazosikia watu wakizilalamikia ni upepo tu.

Mwalimu ameamua. Anaishi juu, upande wa mashamba, na shule yake iko huko huko, lami anaigusa wikendi. VRX2 zinabaki mpaka zifike ile alama ya chini, kisha atahamia misimu yote. Nimejaribu kumshawishi aniuzie mapema, amekataa, na kwa jinsi alivyokuwa akicheka juu ya kilima kile simlaumu.

Lakini mimi nimeshahamia kwenye ndoto nyingine. Oktoba 2024 Sumitomo, wenye Dunlop ya Japani, walianza kuuza tairi inayoitwa Synchro Weather. Sikiliza hili: mpira wake unabadilika wenyewe. Ukiguswa na maji, unalainika. Baridi ikishuka, unabaki laini. Ukikauka na joto likirudi, unakaza tena. Yaani asubuhi ya Ol Kalou na mchana wa Kikopey ndani ya tairi moja! Magari yanayouzwa huko sasa hivi na tairi hizo yatafika mnadani, yatapanda meli, yatashuka Mombasa. Nimemwandikia fundi jina hilo kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kibanda chake, chini ya namba yangu ya simu, na nimemwambia gari lolote likija na maneno hayo ubavuni, anipigie kabla hajagusa jeki.